Dereva wa Serengeti nimepanda meli ya matajiri Galápagos. Siku 8, abiria 16, na kadi moja ya kwenda Moshi

Mshika Usukani

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa viingilio vya hifadhi niliahidi kusimulia safari yangu ya Novemba. Leo gari liko gereji, Njiro inanyesha tangu asubuhi, na wageni wa Krismasi hawajaanza kuingia. Vuteni viti.

Kwa wasionifahamu: ni dereva muongoza watalii hapa Arusha, huu mwaka wa 19. Kazi yangu ni kupokea watu KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuwazungusha Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kuwarudisha wakiwa wazima na kusubiri bahasha. Bahari naijua kwa boti ya Zanzibar tu, ambayo nilitapika tangu inaondoka Dar mpaka inafunga kamba Malindi, bandari ya Unguja.

Nina wateja wangu, mzee na mkewe, Wamarekani wastaafu, wameshakuja kwangu mara sita. Mwaka huu walikuwa wamelipia vyumba viwili kwenye meli ndogo ya kifahari huko Galápagos, kimoja chao, kingine cha mdogo wake mzee. Wiki saba kabla ya safari mdogo mtu akaanguka akavunjika nyonga. Hela hairudi tena muda huo, ila jina la abiria linabadilishwa. Mzee akanipigia. Mkewe akamnyang'anya simu akasema, "Miaka yote unatuambia tusisimame kwenye siti, tusipige kelele, tusishuke kwenye gari. Njoo na wewe uambiwe."

Nauli tukachangia. KIA, Amsterdam, Quito. Chumba kile kwa mtu mmoja ni dola 8,900 kwa siku nane. Naiweka namba mapema ili wa kuzimia azimie sasa tuendelee.

Ndezi Mjini

Nimezimia, nimezinduka. Hiyo si zaidi ya milioni 20 kwa wiki? Kuna dhahabu huko?

Mgumu Kuamini

Uongo huu, chai kabisa. Tena ya maziwa. Mteja wa kukulipia meli yupo wapi jamani, mimi wangu wananiachia kofia na betri za tochi.

Mshika Usukani

Mkuu Mgumu, kofia na mimi ninazo gunia. Kunywa taratibu, mbele kuna andazi.

Galápagos ni ya Ekuado, karibu kilomita 1,000 kutoka pwani ya nchi hiyo, katikati ya Pasifiki. Ikweta inapita kaskazini mwa kisiwa kikubwa, Isabela. Visiwa vyote vimetapikwa na volkano, hakuna hata kimoja kilichowahi kushikana na bara. Muongozaji wetu alieleza kwa vidole, mimi niliporudi nikamweleza mke wangu ambaye ni fundi cherehani, akaelewa haraka kuliko mimi: sindano iko palepale, kitambaa ndicho kinachosogezwa. Chini kuna sehemu moja ya moto isiyohama. Juu yake bamba la dunia linaloitwa Nazca linasogea polepole kwenda mashariki. Kila sindano ikitoboa, kisiwa. Kwa hiyo mishono ya zamani iko mashariki, Española na San Cristóbal, ina miaka milioni kadhaa, imechakaa na inazama kidogo kidogo. Mishono mibichi iko magharibi, Isabela na Fernandina. Isabela yenyewe ni volkano sita zilizoungana.

Unapotoka bara mizigo inakaguliwa mbegu na matunda kabla ya kuingia kwenye ndege, na ndani ya ndege wanapuliza dawa kwenye makabati ya juu. Mimi nilikuwa na mfuko wa karanga za kukaanga za mama mkwe. Zilibaki Quito. Ukitua, kiingilio cha hifadhi kwa mgeni ni dola 200, kilikuwa 100 mpaka Agosti 2024 wakapandisha. Juu yake kuna kadi ya udhibiti wa wasafiri, dola 20. Wanaolia na dola 70 za Serengeti kabla ya VAT, njooni mlie vizuri. Ingawa zile 200 hulipi kila saa 24, unalipa mara moja tu.

Baharia Mstaafu

Mimi mtu wa Likoni, nimefanya miaka tisa kwenye meli za utalii, zile ghorofa za abiria elfu tatu. Mhudumu wa vyumba. Hebu tuambie hiyo yenu ilikuwa ya watu wangapi na mabaharia wangapi, nikujue kama kweli ulipanda.

Mshika Usukani

Mzee shikamoo. Abiria 16. Wafanyakazi 11 ukimhesabu muongozaji. Na kule haiingii meli ya abiria zaidi ya 100, ndiyo mwisho wa sheria. Nyingi ni za 16 kama yetu, kwa sababu muongozaji mmoja haruhusiwi kushuka na zaidi ya watu 16.

Baharia Mstaafu

Marahaba. Hapo sawa, nakuamini. Sisi ukishusha abiria elfu tatu kwenye kimji cha watu elfu mbili, siku hiyo hapapatikani hata kiti cha kinyozi. Endelea baba.

Mshika Usukani

Sasa anasa yenyewe. Nilidhani nitakuta dhahabu kwenye bomba. Kumbe ni vitu vidogo. Siku ya pili asubuhi mhudumu alishajua kwamba nakunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, sikuulizwa tena mpaka nashuka. Ukirudi kutoka matembezini mtu amesimama na taulo la moto na juisi. Chakula samaki kila siku, na ndizi mbichi zinakatwa vipande, zinakaangwa, zinapondwa bapa, zinakaangwa tena. Wanaziita patacones. Ekuado inauza ndizi nje ya nchi kuliko nchi yoyote duniani, kwa hiyo kwa ndizi hawababaishi. Nilikula kama niko nyumbani, wenzangu Wamarekani wakawa wananisukumia sahani zao.

Lakini uhuru? Hakuna. Kengele saa kumi na mbili. Ubaoni imeandikwa: saa moja na nusu mko kwenye panga, saa nne mmerudi, saa tano majini. Ratiba inapangwa na hifadhi, si na mwenye meli. Meli hairuhusiwi kurudi eneo lilelile ndani ya siku 14. Nahodha akiona kisiwa cha jirani kina nyangumi mia, kama si zamu yake anapita. Nikamuuliza muongozaji, je ukiwapigia redio wenzako? Akacheka. Mimi nimezoea "chui yuko Seronera, mti wa tatu", na ndani ya dakika kumi mti umezungukwa na magari arobaini. Na mimi nimo kati ya hao arobaini, sijifichi.

bintiforodhani

Ati "mko kwenye panga"? Mnakwenda kukata miwa?

Mshika Usukani

Hahaha, nilisahau kueleza. Ile boti ya mpira ya kuwapeleka abiria nchi kavu kule wanaiita panga. Ndilo jina lake, si utani. Usiku wa kwanza kwenye maelekezo muongozaji akasema kesho saa moja na nusu wote panga. Nikacheka peke yangu, watu 15 wakanigeukia. Ikabidi nieleze panga ni nini kwetu. Kuanzia hapo kila tukipanda mzee mmoja Mwingereza ananiuliza kama nimelinoa.

Kulipanda kuna adabu yake. Hushiki kiganja cha baharia, unamshika kifundo cha mkono naye anashika chako, ndipo hamponyokani hata mkono ukiwa na maji. Kushuka kuna aina mbili, kwenye jiwe pakavu, au unarukia majini mpaka magotini. Ukirudi unaoshwa miguu na viatu, usibebe mbegu ya kisiwa hiki kupeleka kingine. Kila mara. Hata kama kisiwa cha pili unakiona kwa macho.

Na nilitapika, ndiyo. Usiku wa pili, tunazunguka kaskazini mwa Isabela. Tulivuka ikweta nikiwa nimekumbatia ndoo. Wenzangu walikuwa juu wanapiga picha.

Mgumu Kuamini

Haya, chai inaanza kuwa ya rangi. Wanyama je? Maana mijusi hata kwetu Temeke ipo ukutani.

Mshika Usukani

Ndipo ninapopataka.

Siku ya tatu tulishuka Fernandina, mahali panaitwa Punta Espinoza. Kisiwa ni volkano moja, La Cumbre. Ililipuka Machi 2024, miezi minane kabla sijafika, lava ikateremka mpaka baharini. Kutoka melini unaiona michirizi mieusi ubavuni, kama mtu amemwaga lami. Hakuna mtu anayeishi pale, na panya wa kuletwa, mbuzi, paka na mbwa hawajawahi kukishika kisiwa hicho.

Nashuka kwenye panga, nakanyaga jiwe, naangalia mbele: iguana wa baharini. Si mmoja, si kumi. Mamia, wamepandana kama magunia, weusi kama lava yenyewe, wote wanaota jua. Hawa ndio mijusi pekee duniani wanaotafuta chakula baharini, wanazamia wanakula mwani. Chumvi waliyomeza wanaipiga chafya, inawarudia kichwani, ndiyo maana vichwa vyao ni vyeupe. Bahari ikipata joto sana miaka ya El Niño mwani unakufa, na watafiti walipowapima walikuta wamefupika, mwili mzima, si kukonda. Mwani ukirudi wanarefuka.

Sasa wakuu nisikilizeni. Mimi miaka 19 sijawahi kushuka garini mbele ya mnyama. Nikiwa na wageni nikishuka hata kufunga tairi, macho yako nyasini. Simba anakupita hatua mbili kwa sababu anaona gari, haoni mtu. Weka mguu chini uone. Pale Fernandina nilisimama kwa miguu yangu miwili na simba-bahari mama akanyonyesha mtoto wake mita mbili kutoka kwenye kiatu changu. Mita mbili ndiyo sheria, husogei zaidi. Yeye akitaka kusogea, ni hiari yake. Mtoto akaja kuninusa kamba ya kiatu. Miguu ilikuwa inanitetemeka. Mzee mteja wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia mwili wangu unasubiri mtu apige kelele "rudi ndani".

Yule mnandi wa kule ndiye aliyenimaliza. Mnandi mnamjua, yule mweusi anayekaa kwenye nguzo anakausha mbawa. Kule amekaa miaka mingi bila adui wa nchi kavu mpaka mbawa zimekwisha, zimebaki kama vitambaa vilivyochanika. Haruki. Lakini akitoka majini anasimama na kuzitandaza zikauke, vilevile.

Na ngwini wapo. Ikweta, na ngwini. Kuna mkondo wa maji baridi unatoka magharibi kwa chini, ukigonga visiwa hivi unapanda juu, ndio unaowalisha. Niliingia majini na suti ya mpira, miwani na mrija, ngwini akanipita kama risasi. Kisha meno yakaanza kugongana nikatoka.

bintiforodhani

Mie nimekaa hapa kimya kama niko msikitini. Kobe wao wakubwa kama wa kwetu Changuu?

Mshika Usukani

Wakubwa kama hao, dada, wengine kuzidi. Niliwaona Santa Cruz, juu mlimani, wanatembea kwenye mashamba ya watu. Ila ukoo ni tofauti. Wenu wa Changuu asili yao ni Aldabra, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Na majina tu: galápago ni kobe kwa Kihispania cha zamani.

Kobe wale walikaribia kwisha kwa sababu ya sifa moja, wanaweza kukaa karibu mwaka bila kula wala kunywa. Mabaharia wa meli za nyangumi walikuwa wanawabeba hai, wanawapanga ghalani kama maboksi, nyama haiozi. Kisiwa cha Pinta alibaki dume mmoja peke yake, Lonesome George, akafa Juni 2012, ukoo wake ukafungwa. Halafu 2019 wakapata jike mmoja Fernandina, wa aina ambayo mara ya mwisho ilionekana 1906. Bado wanatafuta dume.

Waliobaki waliokolewa kwa kuua mbuzi. Mbuzi waliachwa na mabaharia, wakazaana, wakala kila jani. Mradi ulianza 1997 ukaisha 2006, mbuzi zaidi ya laki moja wakapigwa risasi, wengi kutoka kwenye helikopta. Wale wa mwisho waliojificha walipatikana kwa ujanja: wanamfunga mbuzi jike kifaa cha redio, wanamwachia, naye kwa upweke anawatafuta wenzake. Wanamwita mbuzi wa Yuda.

Ndezi Mjini

Ngoja kwanza. Mbuzi LAKI MOJA. Nyama ilikwenda wapi?

Mshika Usukani

Iliachwa ioze palepale, irudi ardhini.

Ndezi Mjini

Mimi natoka kwenye huu uzi. Nitarudi nikipona.

Baharia Mstaafu

Nyama ya laki moja na pilipili hakuna. Subhanallah.

MwanaGoma

Salamu kwenu wote. Miye niko wa Goma. Nasoma namna munafurahia volkano, nashangaa kidogo. Siye ile 22 mwezi wa tano 2021 mangaribi mbingu iligeuka nyekundu, tukabeba watoto tukakimbia kwa miguu mpaka Gisenyi. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inakimbia kama maji. 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Nyumba yetu, ukuta ni mawe ya ile lava, tulijenga juu ya ile ilituchomea. Hakuna mwenye alitulipa dola 8,900 ya kuona.

Mshika Usukani

Ndugu, pole, na huna kosa kunishangaa. Kule ninakosema volkano za magharibi karibu hazina mtu wa kumkimbiza. Wakazi wa visiwa vyote hawafiki elfu 40, wanaishi visiwa vinne tu, na asilimia 97 ya ardhi ni hifadhi. Ndiyo maana lava inakuwa picha.

Hapa kwetu jirani yangu ni Lengai. Ilipolipuka 2007 na 2008 majivu yalifunika malisho, Wamasai wa Engare Sero wakahama na ng'ombe. Wageni wangu mwaka huo walikuwa wananiomba niwasogeze karibu.

Ngazija Yangu

Na sisi Komoro je? Karthala mita 2,361, kisiwa kizima ni mlima. Ililipuka 2005 majivu yakaingia kwenye matangi ya maji ya mvua ambayo ndiyo tunayokunywa. Visiwa vinne vya volkano, kasa wanataga Mwali, samaki gombessa aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za mababu wa mababu yuko kwetu. Meli ndogo ya kitalii ikija, unaiona kutwa moja, jioni imeondoka. Tuna kipi pungufu?

Mshika Usukani

Hamjapungukiwa. Ninachokiona mimi ni watu. Kule muongozaji hapati leseni ya hifadhi mpaka asome kozi yao, na kozi wanapewa wakazi wa kudumu wa visiwa. Kwa hiyo yule kijana aliyetuongoza amezaliwa San Cristóbal, baba yake alikuwa mvuvi. Mwenye meli akitaka asitake, lazima ampakie. Ukija na muongozaji wako kutoka Ulaya, atakaa melini apake krimu.

Mimi nilimtazama kijana huyo wiki nzima kama mwizi anavyotazama kufuli. Hakuwahi kusema "mna bahati". Wenzangu mnajua tunavyolitumia neno hilo tukikosa faru. Yeye alikaa nusu saa na ndege mmoja. Siku ya tano tuko ghuba ya Urbina, Isabela, tunatembea nchi kavu, ghafla anasimama anaonyesha mawe. Matumbawe. Mita mia kadhaa kutoka baharini. Mwaka 1954 chini kulifura, sakafu ya bahari ikapanda zaidi ya mita nne, samaki, kasa na papa wakaachwa wakavu. Akasema hivyo akanyamaza. Mimi ningesema maneno mia mbili pale.

Siku ya mwisho kuna bahasha kitandani. Ya kuwatunza mabaharia. Wenzangu wanauliza kiasi gani inafaa, wote wananiangalia mimi kwa kuwa ndiyo riziki yangu. Nikawatajia. Mzee Mwingereza akasema ni nyingi. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja mbali kote huku, kuisema.

Mgumu Kuamini

Hiyo ya bahasha nimeikubali, futa neno chai. Kichwa cha uzi kimetaja kadi ya Moshi, iko wapi?

Mshika Usukani

Nilikuwa naisogeza mwisho makusudi, kwa sababu nahitaji msaada wenu.

Siku ya sita tulikuwa Floreana. Kuna ghuba ina pipa la mbao ufukweni. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 mabaharia wa meli za nyangumi walikuwa wanaacha barua mle, anayerudi upande wa nyumbani anachukua na kupeleka. Mpaka leo watalii wanafanya hivyo. Unatumbukiza kadi yako bila stempu, halafu unapekua za wengine. Ukikuta ya jirani yako unaibeba na kuikabidhi kwa mkono. Mkono, si posta.

Muongozaji akakaa mchangani na bunda, anasoma kwa sauti. Ohio! Hamburg! Osaka! Watu wanacheka, wananyoosha mikono. Kisha akasita, akasoma polepole: Tan-za-ni-a. Wote 15 wakanigeukia.

Kadi ina picha ya kobe. Imeandikwa Mei 2016. Nyuma kwa Kiswahili cha mgeni: "Mama shikamoo. Hapa kobe ni mkubwa kama meza yako ya jikoni. Sijala ugali miezi minne. Nakumbuka wewe." Saini haisomeki. Jina la mama sitaliweka hapa. Na anuani ni S.L.P. fulani, Moshi. Basi. Hakuna mtaa, hakuna kijiji.

Wakuu, sanduku la posta unalikabidhije kwa mkono? Si ajabu imekaa miaka nane. Mtanzania gani anapita pale, na akipita, aipeleke wapi?

bintiforodhani

Ipeleke posta ya Moshi uitie kwenye kisanduku kwa mkono wako. Mkono ni mkono.

Baharia Mstaafu

Hapana. Mwiko wa mabaharia huo, anapewa mtu, si bati. Usilete nuksi.

Kibosho Kati

Mkuu nitumie namba ya sanduku faragha.

Kibosho Kati

Nimeiona. Hilo sanduku ni la parokia moja huku juu, tumelitumia watu wengi, mimi mwenyewe barua zangu za sekondari zilipitia hapo. Ukija, njoo Jumapili. Mwezi huu Wachaga wote wanaanza kurudi, kanisa linafurika mpaka uwanjani. Mpe katibu, atasoma kwenye matangazo.

Mshika Usukani

Nakuja Jumapili. Wageni wangu wanaingia tarehe 20, baada ya hapo sipatikani.

Mshika Usukani

Nimerudi wakuu. Siku tano zimepita, samahani kwa kimya.

Nilifika misa ya pili. Nikaongea na katibu, akaitazama kadi mbele na nyuma, akaniuliza Galápagos iko jimbo gani. Kwenye matangazo, baada ya ndoa na michango ya paa, akasoma jina la mama na kusema kuna mtu ana barua yake kutoka kwenye pipa. Kanisa zima likacheka.

Akaja nje, mama wa miaka kama 70, khanga mbili, bakora. Alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni wa kujitolea, ameshastaafu. Nikampa kadi kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeushika kiwiko kama nilivyofundwa. Akasoma. Akasoma tena. Akasema, "Huyu mtoto Kiswahili chake hakikupona."

Akauliza nimeitoa wapi, nikamweleza yote, pipa, meli, iguana. Akauliza nimelipwa shilingi ngapi kuileta. Nikasema hakuna malipo. Akanitazama kwa huruma.

Nikamwambia tatizo ni kwamba mtumaji hakuweka anuani, sijui jibu litamfikiaje. Akasema, "Jibu la nini? Huwa tunaongea kila Krismasi." Akatoa simu kwenye pindo la khanga, akampigia huyo kijana kwa WhatsApp, ya video, palepale chini ya mparachichi. Kule kwao ilikuwa usiku wa manane, akapokea akiwa shuka kichwani. Mama akamwekea kadi mbele ya kamera. Kijana akatazama kama dakika nzima. Hakukumbuka kabisa kama aliwahi kuiandika.

Nikapewa mkungu mzima wa ndizi nikaufunga juu ya gari.

Ndezi Mjini

Nimerudi, nimepona mambo ya mbuzi. Ndizi aina gani?

Mshika Usukani

Mshare.

Ndezi Mjini

Nakuja Njiro.